Mama Friji na kiungio cha sitini na mbili

Mlango wa sebule ya Mama Friji haukai wazi wenyewe. Upepo wa mchana huusukuma, na kinachouzuia ni kipande cha kebo chenye urefu wa shibiri moja na unene wa paja la mtu mwembamba. Ukikitazama upande uliokatwa unaona duara ndani ya duara: katikati shaba, kisha plastiki nyeupe kama sabuni ya kufulia, kisha koti la risasi, ile metali laini ya kijivu, kisha nyaya za chuma zilizopangwa bega kwa bega, na nje kabisa kamba nyeusi zilizolowekwa lami. Wageni hujikwaa. Mumewe, ambaye ni kinyozi, ameshajikwaa mara tatu, na kila mara amependekeza watie komeo la kuushika ukiwa wazi.

"Komeo ni kazi ya nusu saa," husema.

"Na hiki ni kazi ya siku tatu," hujibu mkewe. "Kiache hapo."

Mama Friji ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa fundi wa viungio vya kebo za umeme, zile za msongo mkubwa zinazopita chini ya ardhi na chini ya bahari. Kebo yenyewe hutengenezwa na mashine kiwandani, kwa urefu ambao meli moja inaweza kubeba. Bahari ikiwa pana kuliko urefu huo, miisho miwili hukutanishwa juu ya tishari lililotia nanga, na hapo mashine hazina la kufanya. Kiungio hutengenezwa kwa mikono. Ndiyo maana kebo ikiungua bila nanga ya meli yoyote kuigusa, swali la kwanza katika kazi hii ni nani aliunga.

Hakuanzia huko. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mavazi ya hospitali, akiwa na zamu ya mchana na cherehani namba kumi na nne, hadi kiwanda kilipofungwa. Shirika la umeme lilikuwa likitafuta watu wa kufundishwa kazi ya viungio. Mtihani wa kwanza haukuwa na kalamu. Kila mtu alipewa kipande cha karatasi ya chooni, akaambiwa akifumbate kiganjani kwa robo saa. Watu arobaini na watatu walifumbata. Wengi walifungua viganja wakakuta ujiuji. Karatasi yake ilitoka kama ilivyoingia.

Fundi mkuu wa wakati huo, mtu mfupi mwenye maneno machache, alimshika kiganja, akakigeuza, akakirudisha. "Huyu ni friji," akasema, na kumpitisha. Neno "Mama" liliongezeka alipojifungua binti yake mwaka uliofuata.

Fundi huyo mkuu waliyemwita Risasi, kwa jinsi alivyoilainisha risasi iliyoyeyuka kwa kitambaa kana kwamba anapaka siagi, aliwaachia wanafunzi wake desturi moja. Kabla ya kiungio kufungwa ndani ya kalibu, lile ganda la chuma linalokipa umbo, na kupashwa moto, kazi yote husimama. Mkuu wa kazi huuliza, "Kuna neno?" Kila aliyemo chumbani hujibu kwa zamu, kuanzia mgeni katika kazi hadi mkongwe, ili wakubwa wasiwafunge midomo wadogo. Akijibu "Hakuna," inaandikwa kwenye daftari la kiungio. Akijibu "Lipo," kiungio kinakatwa. Na hapa ndipo penye uzito wa desturi yenyewe: aliyesema "lipo" haulizwi kwa nini mpaka msumeno umemaliza kazi.

Risasi alikuwa na sababu. Akiwa kijana aliwahi kuwa na shaka na kiungio kimoja, akasema. Wakubwa wake wakamuuliza, "Una uhakika?" Hakuwa nao. Wakafunga. Kebo ile iliungua baada ya miezi minane. "Mtu mwenye shaka ukimuuliza kama ana uhakika," aliwaambia wanafunzi wake, "umeshamjibia."

Kwa viungio sitini na kimoja Mama Friji alijibu "Hakuna." Hakuwahi kuwa na sababu ya kujibu vingine. Kisha, akiwa na miaka arobaini na minane, friji ilianza kupata joto.

Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likamwagika usoni. Dakika nne au tano, kisha likaondoka, likimwacha amelowa kama aliyetoka kisimani. Daktari wa zahanati alimweleza lisilo siri: hedhi inakaribia kukoma, mwili unajipanga upya, wanawake wengi hupitia, litakwisha. Lini litakwisha hakusema. Mama Friji alirudi nyumbani akaketi kwenye kiti cha wateja katika chumba cha kunyolea cha mumewe.

"Mwambie mkuu wako," mumewe alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba friji imeharibika?"

"Mwambie ni ugonjwa."

"Si ugonjwa. Ingekuwa ugonjwa ningepewa likizo nikarudi."

Hakumwambia mkuu. Kwenye fomu ya afya ya kila mwaka, mbele ya maneno "mabadiliko yoyote," aliandika hakuna. Alirudia ushonaji: alikata fulana kuukuu, akashona bendi za kichwa za tabaka tatu, akazivaa chini ya kofia ya kazini na kuzibadilisha chooni. Aliomba zamu za asubuhi. Na ndani ya chumba cha kuungia, ambacho ni kontena jeupe lisilo na dirisha linalofunguka, akawa anateremsha kipoza hewa hadi mwisho wake.

"Mama Friji," alilalamika mwenzake wa miaka mingi, fundi mrefu waliyemwita Twiga, "leo umeamua tuwe samaki wa dukani?"

"Vaa sweta."

"Nimevaa mbili."

Mwaka mmoja na miezi minne ulipita hivyo. Kisha ikaja kebo ya kuunganisha gridi za nchi mbili zilizotenganishwa na bahari. Nchi moja inategemea mabwawa, na mvua zikichelewa mabwawa hushuka na taa hukatwa kwa zamu. Nyingine ina upepo mwingi kuliko inavyoweza kutumia, hasa miezi ambayo mabwawa ya mwenzake yako chini. Kwa kebo hiyo mmoja angempa mwenzake, na msimu ukigeuka angerudishiwa. Meli mbili zililaza kebo, kila moja kutoka upande wake, zikaacha miisho katikati. Kuiunganisha ndicho kingekuwa kiungio cha sitini na mbili cha Mama Friji.

Watabiri wa hali ya hewa walitoa siku nane za bahari tulivu. Kiungio kilihitaji siku tano. Kila upande uliachiwa ziada ya kebo inayotosha kukatwa mara moja tu. Ikihitajika mara ya pili, kipande kipya kingeagizwa kiwandani, na hiyo ingekuwa miezi saba, msimu mzima wa mabwawa makavu.

Siku ya kwanza walimenya kebo, tabaka baada ya tabaka. Mita moja yake ina uzito wa mfuko wa saruji, hivyo iligeuzwa kwa winchi. Siku ya pili walichomelea shaba kwa shaba, wakasugua hadi kidole kisijue kovu liko wapi. Wakachonga plastiki nyeupe kama ncha ya penseli, kwa msasa wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi ule wa mwisho ambao ukiupitisha shavuni hauuhisi. Siku ya tatu asubuhi wakaanza kuviringisha mkanda, unaochukua nafasi ya plastiki iliyochongwa. Mkanda huo ukigusana na mwenzake hushikana. Kuubandua ni kuchubua kila kitu kilicho chini.

Ilikuwa saa nne na kitu. Joto lilianza kifuani. Mama Friji alikuwa amebakiza chini ya saa moja ya kuviringisha, akaona atamaliza. Bendi ilijaa. Tone lilitoka chini ya kidevu, pale barakoa ilipoishia. Hakuliona. Alilihisi likiondoka.

Alipotazama, hapakuwa na kitu. Mkanda ulikuwa umeshapita, na mkono wake, uliozoea, ulikuwa unaleta mzunguko mwingine.

Tone la jasho ni maji na chumvi. Likinaswa ndani ya plastiki chini ya msongo wa kilovolti mia mbili, linatafuta njia. Huchora mstari mwembamba wenye matawi, kama mzizi, wiki baada ya wiki, hadi siku umeme unapopita pasipopaswa na kebo inaungua mita tisini chini ya maji.

Aliendelea kuviringisha kwa dakika arobaini. Anapozisimulia dakika hizo hajipambi. Alijiambia huenda lilianguka kwenye joho lake la kazi. Alijiambia huenda ni hisia tu. Alihesabu siku: tatu zimekwenda, tano zimebaki, kiungio kipya ni siku tano, bila hata nusu siku ya kukosea. Na alijua kwamba baada ya msumeno lingekuja swali, na jibu la swali hilo lingefungua kila kitu: bendi, kipoza hewa, fomu ya afya. Fundi wa viungio anayetoka jasho hana kazi ya kufanya. Hiyo ndiyo sheria iliyomwajiri.

Kalibu ilisogezwa. Kazi ikasimama. Mkuu wa kazi, ambaye alifundishwa na Risasi mwaka mmoja na yeye, alifungua daftari.

"Kuna neno?"

"Hakuna," akasema mpima unyevu.

"Hakuna," akasema mchomeleaji.

"Hakuna," akasema Twiga. "Ila baridi."

"Mama Friji?"

"Lipo."

Mkuu hakumtazama. Aliandika saa kwenye daftari, akageuka, akautoa msumeno kwenye ndoano yake ukutani. Kisha akachukua redio na kuita ofisi ya nchi kavu.

"Tunakata."

"Mnakata? Kwa nini?"

"Sijui. Nikijua nitakwambia."

Kukata kulichukua dakika hamsini. Twiga alisikika akihesabu siku kwa vidole na kufika nane. Baadaye, nje kwenye sitaha, Mama Friji alivua kofia, akavua bendi, akaikamua mbele ya mkuu wake. Maji yalidondoka kwenye chuma.

"Sasa niambie," mkuu alisema.

Alimwambia yote. Alimaliza kwa kuomba ashuke na boti ya vyakula ya alasiri, barua imfuate nyumbani.

"Dada," mkuu alisema, "mke wangu mwaka wa tatu huu analala madirisha wazi. Mimi ndiye ninayevaa soksi kitandani. Ungeniambia ningekuelewa."

"Ungenielewa, halafu ungeniondoa."

Mkuu alifikiri. "Mwaka jana, ndiyo, ningekuondoa," alikiri. "Ningekosea. Mikono imestaafu, sawa. Macho nayo yanatoka jasho?"

"Hayatoki."

"Basi hushuki popote. Twiga!"

"Abee," Twiga aliitikia kutoka nyuma ya winchi, alipokuwa amejificha vibaya kwa urefu wake.

"Umesikia?"

"Nimesikia kila kitu. Nauliza tu, sasa tunaweza kuwasha hewa ya kibinadamu?"

Walianza upya alasiri ileile. Mama Friji aliketi kwenye stuli hatua tatu kutoka kwenye kebo, nyuma ya pazia la plastiki angavu, feni ndogo ikimpuliza miguuni. Mikono ilikuwa ya Twiga. Ni mikono mizuri, mikavu na yenye nguvu, lakini ina haraka, na kwa miaka kumi na tatu ilikuwa imepewa sehemu zenye nguvu, si sehemu zenye subira.

"Umeruka mahali," Mama Friji alisema siku ya pili ya msasa.

"Sijaruka."

"Upande wa chini. Funga macho, pitisha kidole."

"Nikifunga macho nitaona nini?"

"Utaona kwa kidole."

"Kidole changu hakijasoma."

"Leo kinaanza shule. Funga macho, Twiga."

Alifunga. Kidole kikaenda, kikasimama, kikarudi. "Shikamoo," Twiga akakiambia kidole chake, na kuchukua msasa.

Kuanzia hapo alisugua huku amefumba macho, na sauti yake ikapungua. Mama Friji alijifunza jambo pia. Kwa miaka yote alikuwa akijua kitu kwa vidole bila kulazimika kukisema. Sasa ilimbidi atafute maneno: ngumu kama ukingo wa ukucha, laini kama ndani ya kope, bado, bado, hapo. Jioni koo lilikuwa limekauka kuliko mikono ya mwenzake.

Siku ya nane upepo ulifika asubuhi badala ya usiku. Tishari lilianza kuyumba kabla koti la risasi halijapoa. Ofisi ya nchi kavu iliita mara mbili ikitaka kujua kama kebo inaweza kushushwa mara moja. Mkuu alijibu kwamba kuna swali halijaulizwa, kwani desturi huuliza kabla ya kalibu, na kabla ya kushusha huuliza tena.

"Kuna neno?"

Wawili wa kwanza walisema hakuna. Twiga alikawia. Alifumba macho, akavuta pumzi, mikono yake ikatembea hewani mbele yake kana kwamba inapitia kazi yote upya, kuanzia shaba. Mkuu alisubiri. Wimbi lilipiga ubavuni, vikombe vikaanguka, mkuu akaendelea kusubiri.

"Hakuna," akasema Twiga hatimaye.

"Mama Friji?"

"Hakuna."

Kebo ilishuka saa nane mchana, ikazama dakika ishirini kabla nanga za tishari hazijaanza kuburutwa na mawimbi. Mkuu alilimaliza daftari akiwa amejishikiza kwa mguu kwenye meza. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja wenye neno "Fundi" mbele yake. Alichukua rula, akachora mstari wa pili chini yake. Kwenye wa kwanza aliandika mikono ya nani. Kwenye wa pili, macho ya nani. Tangu siku hiyo madaftari mapya huchapishwa na mistari miwili.

Umeme ulipoanza kupita, wiki saba baadaye, Mama Friji alikuwa kwenye chumba cha kunyolea cha mumewe, akisoma gazeti. Hakuna kilichobadilika. Mashine ya kunyolea ililia kama inavyolia siku zote.

"Huu sasa unaweza kuwa umeme wa jirani?" mumewe aliuliza.

"Unaweza."

Mumewe aliizima mashine, akaitazama, akamtazama na mkewe. Mteja mwenye nusu kichwa kilichonyolewa aliuliza kama kuna tatizo. "Hakuna," kinyozi alimjibu. "Tunamshukuru jirani." Akaiwasha tena.

Kipande kilichokatwa kilimfuata nyumbani ndani ya boksi. Twiga alitaka kipasuliwe kwa kisu chembamba, tabaka baada ya tabaka, wajue kama tone lilikuwemo. Mkuu alisema uamuzi ni wa mwenyewe. Mwenyewe alikataa.

"Nikilikuta, nitajiona shujaa," aliwaambia. "Nisipolikuta, safari ijayo nitanyamaza. Kitafaa mlangoni."

Anapozungumzia mambo hayo leo, hataji bahati. Anamtaja Risasi, aliyekosea mara moja akahakikisha kosa lake linawafaa wengine. Anamtaja mkuu wake, na si kwa ule mstari wa pili, bali kwa kuutoa msumeno bila kumtazama usoni. Na anamtaja Twiga, aliyetetemeka mwaka mmoja na miezi minne bila kumshitaki. Twiga alikuja kumweleza baadaye kwamba bendi zile aliziona tangu wiki ya kwanza, zimeanikwa kwenye bomba la choo. "Nilidhani ni nadhiri," alisema. "Nadhiri za watu siingilii."

Siku hizi Mama Friji anafundisha. Darasa lake ni karakana yenye meza sita na vipande vya kebo chakavu, na mtihani wa karatasi ya chooni umefutwa kwa ombi lake. Joto bado humjia. Likija, hufungua dirisha na kuwaambia wanafunzi wasubiri, nao husubiri.

Mwezi uliopita kundi moja lilimaliza kiungio chao cha kwanza cha mazoezi, kazi ya siku mbili. Akauliza kama inavyoulizwa. Mwanafunzi wa kwanza kujibu alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa fundi umeme wa kiwanda cha nafaka, mama wa watoto watatu, mtu asiyependa kuchekwa.

"Lipo," akasema.

Wenzake walishusha pumzi kwa sauti. Mama Friji aliutoa msumeno kwenye ndoano, akampa. Walikata kwa kupokezana, bila mtu kuuliza, hadi vipande viwili vikalala mezani.

"Sasa tuambie," alisema.

"Nilipiga chafya."

"Saa ngapi?"

"Jana," mwanafunzi alisema. "Nilikuwa nimeshusha barakoa ninywe maji. Sina hakika hata kama nilikuwa karibu."

Karakana iliangua kicheko. Mama Friji alisubiri kiishe. Alifungua daftari, akaandika saa na jina, kisha akasogea hadi alipokuwa yule mwanamke na kumshika kiganja kwa mikono yake yote miwili. Kilikuwa kimelowa chapachapa, na vya kwake pia.

"Ahsante," alimwambia. "Haya jamani, msasa. Tunaanza upya."